Chupa Iko Wapi? Namna Nilivyochagua Hedifoni za Pleya Yangu

Tangu kile kipindi cha muziki wa wazazi wetu, swali linalonijia ni lilelile: "Dada, hatimaye ulinunua hedifoni gani?" Siku ile nilitaja tu kiasi nilichoweka akiba, mwenzangu akacheka mpaka tukasimamisha kurekodi. Basi leo najibu. Jibu lenyewe ni refu kidogo, kwa sababu nilianza kwa kutafuta kitu cha kuweka kwenye masikio yangu, nikaishia kwenye masikio ya mtu mwingine.

Tuanze na hesabu, maana mimi ni mhasibu na siwezi kujizuia. Nilikuwa na rand 20,000, bonasi za Desemba mbili ambazo sikuzigusa. Najua baadhi yenu mmeshaanza kuhesabu hiyo ni karo ya watoto wangapi kule nyumbani. Mama alihesabu pia, kwa sauti. Lakini nilishatuma cha kutuma, nilishalipa cha kulipa, na nilitaka mara moja maishani kununua kitu kizuri ambacho si friji wala tairi.

Pleya nilikuwa nayo tayari: FiiO ndogo, nimeinunua mtumba, haina sura ya kuvutia. Nayo ni sifa hiyo. Kama unapanda taksi kutoka Rosettenville kwenda mjini, halafu unabadilisha kwenda Rosebank, hutaki kitu kinachong'aa mkononi. Pleya inakaa chini ya begi, waya unapita ndani ya koti, na simu inabaki imezimwa sauti.

Kuna anayeuliza, kwa nini pleya wakati simu ipo? Sababu yangu ya kwanza: tangu Apple waondoe tundu la hedifoni kwenye iPhone 7 mwaka 2016, kampuni nyingi zimefuata, na mimi napenda waya. Ya pili: nyimbo ninazozitaka nyingi haziko kwenye huduma za mtandaoni. Ni kanda za Papa, za kaseti, nilizozihamisha mwenyewe kwenye kompyuta moja moja kwa muda wa miezi minne. Ya tatu: pleya hainiletei meseji ya bosi katikati ya wimbo.

Mtaa wetu na sauti

Mimi nimezaliwa Joburg. Wazazi wangu walitoka Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya 90 na wameishi Rosettenville muda mrefu kiasi kwamba Papa anaagiza kuku wa piri-piri kwa Kireno. Ukipita mtaani kwetu Jumamosi utasikia Kireno cha Maputo na cha Luanda, Kilingala, Kizulu, na Kiswahili chetu cha Katanga, kile ambacho ndugu zangu wa Dar wakikisikia wanauliza kama naumwa.

Kuna kitu sikukijua mpaka nilipoanza kusoma habari za hedifoni. Duniani kote, watu wanaojaribu spika na hedifoni za bei kubwa wana nyimbo zao za majaribio, na mojawapo maarufu kabisa ni "Stimela" ya Hugh Masekela, ile iliyorekodiwa mbele ya watu kwenye klabu ya Blues Alley, Washington, na kutoka kwenye albamu ya Hope mwaka 1994. Wimbo unahusu treni iliyokuwa ikileta vibarua kwenye migodi ya Johannesburg kutoka nchi za kusini na kati mwa Afrika. Masekela anaiga treni kwa mdomo wake, filimbi na mvuke, halafu tarumbeta inaingia. Kama hedifoni ni mbovu, filimbi ile inakuchoma. Kama ni nzuri, unasikia hata ukubwa wa ukumbi.

Sasa sikia hili. Masekela alisoma St Peter's, na St Peter's ilikuwa hapahapa Rosettenville. Padri Trevor Huddleston ndiye aliyemtafutia tarumbeta yake ya kwanza, na bendi ya wanafunzi ikaitwa kwa jina la Huddleston. Baadaye Louis Armstrong mwenyewe akawatumia tarumbeta kutoka Marekani. Oliver Tambo alisoma shule hiyo na akarudi kufundisha. Serikali ya ubaguzi ilipoleta sheria yake ya elimu ya Wabantu, shule ikafungwa mwaka 1956, na leo mahali pale pana shule ya St Martin's. Huddleston naye alienda kuwa askofu wa Masasi, kusini mwa Tanzania, kuanzia 1960 hadi 1968. Yaani padri wa mtaa wetu aliishia kwa Waswahili.

Kwa hiyo mtu aliyeko Tokyo au London akitaka kujua kama hedifoni zake zina thamani, anamsikiliza kijana aliyepewa tarumbeta ya kwanza kwenye mtaa wetu. Nilipomwambia Papa, akasema, "Sasa we unaenda kutafuta nini mbali?"

Mambo ya ohm, pole pole

Rafiki yangu mmoja ni fundi sauti. Alinikopesha jozi tatu kwa wiki mbili, akaniapisha kwamba zikipotea nitauza figo. Zilikuwa Sennheiser IE 600, Shure SE846 na Etymotic ER4SR. Kabla ya kunipa, alinikalisha chini akanifundisha jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi: hedifoni hazichaguliwi peke yake. Zinachaguliwa pamoja na pleya, kama jozi ya viatu.

Iko hivi. Kila hedifoni ina ukinzani wa umeme, unapimwa kwa ohm. Pleya nayo ina ukinzani wake pale kwenye tundu. Kanuni ya mafundi ni kwamba ukinzani wa pleya usizidi sehemu moja ya nane ya ule wa hedifoni. Shure SE846 ina ohm 9, kwa hiyo pleya inatakiwa iwe na kama ohm 1 tu. IE 600 ina ohm 18, pleya iwe chini ya ohm 2 na robo hivi. Etymotic ER4SR ina ohm 45, hiyo haina taabu, hata ohm 5 inavumilia.

Kwa nini ujali? Kwa sababu ukinzani wa hedifoni, hasa zile zenye spika ndogo kadhaa ndani, haubaki uleule. Kwenye besi unaweza kuwa huu, kwenye sauti nyembamba ukawa mwingine kabisa. Ukinzani wa pleya ukiwa mkubwa, umeme unagawanyika vibaya: masafa mengine yanapata kingi, mengine kidogo, na wimbo unabadilika rangi. Mfano unaojulikana ni Astell&Kern AK100 ya mwaka 2012, pleya nzuri ya kifahari, lakini tundu lake lilikuwa na ohm 22. Ukiiunganisha na hedifoni ya ohm 9, unachosikia si kile mtengenezaji wa hedifoni alichokusudia. Toleo lililofuata walishusha ukinzani huo.

IE 600 ina spika moja tu ndani, ya milimita 7, na hedifoni za aina hiyo kwa kawaida ukinzani wake haupandi na kushuka sana, kwa hiyo hazichagui sana pleya. SE846 ina spika nne, ndiyo maana inadeka.

Jambo la pili ni wepesi wa kupokea. Hedifoni nyingine ni nyepesi mno kiasi kwamba ukibonyeza tu "cheza", kabla muziki haujaanza, unasikia shhh, ule mvumo wa pleya yenyewe. Pleya yangu na SE846 zilinipa shhh hiyo usiku, chumba kikiwa kimya. Kwenye taksi huwezi kuisikia. Lakini mimi nasikiliza magitaa ya zamani usiku, na magitaa hayo yana ukimya mwingi katikati.

Na usidanganyike na tundu la milimita 4.4, lile la kisasa zaidi. Mara nyingi linatoa nguvu nyingi, lakini kwenye pleya nyingi ukinzani wake pia unapanda. Hedifoni ndogo za masikioni hazihitaji nguvu kubwa. Kama huna sababu, tundu la kawaida la milimita 3.5 linatosha.

Hedifoni ya ndoto zangu, niseme ukweli, ilikuwa 64 Audio U12t, yenye spika kumi na mbili kila upande, dola 1,999. Hiyo hata bonasi zangu mbili hazikuigusa. Nimeiweka hapo nayo ipate kutajwa.

Kijipira kinashinda spika

Ukibaki na neno moja tu kutoka kwenye makala haya, basi libaki hili: vile vijipira vya kuingiza sikioni ni nusu ya kazi. Kama havizibi vizuri, besi inatoroka, na hedifoni ya rand 13,000 inalia kama redio ya mkulima. Jaribu saizi zote. Sikio la kushoto na la kulia si lazima yafanane, mimi navaa saizi mbili tofauti. Vya sponji vinaziba zaidi lakini vinachakaa. Vya silikoni vinaoshwa.

Kuziba vizuri kuna faida nyingine ambayo kwangu ndiyo iliyoamua mambo. Kelele za nje zikipungua, huhitaji kupandisha sauti. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza kwa desibeli 80 hadi saa 40 kwa wiki. Ukipandisha desibeli 3 tu, muda unakatika nusu. Ukifika desibeli 90, umebakiwa na kama saa 4 kwa wiki nzima. Kwenye taksi, injini inanguruma, dereva kaweka amapiano, madirisha yanapiga kelele, na wewe unapandisha hedifoni zako juu ya vyote hivyo, kwenda na kurudi, siku tano. Piga hesabu mwenyewe.

Etymotic ni za ajabu kidogo hapa. Vijipira vyake vina ngazi tatu kama mti wa Krismasi, na vinaingia ndani sana. Mara ya kwanza utasema hapana, hii ni hospitali. Lakini zikishakaa, taksi inakuwa sinema isiyo na sauti. Kampuni yenyewe ilianzishwa na Mead Killion, mtaalamu wa usikivu, na ER4 ya kwanza ilitoka mwaka 1991. Ile spika ndogo iliyomo ndani ni aina ileile inayotumika kwenye vifaa vya kusaidia kusikia, vile ambavyo Tanzania wanaviita shimesikio. Yaani teknolojia ilianza kwenye masikio ya wazee kabla ya kufika kwetu sisi tunaojiita wapenzi wa sauti.

Wakati nasoma hayo niliona tu ni habari ya kuvutia.

Jumapili jikoni

Nilitaka Papa azijaribu. Nyimbo ni zake, hivyo hakimu ni yeye. Jumapili baada ya kanisa nikazipanga jozi tatu kwenye meza ya jikoni, mama anakoroga bukari, mdogo wangu wa kiume anakula kabla ya wenzake kama kawaida.

Niliwawekea magitaa ya Katanga ya miaka ya 50. Kama hamjui, tafuteni Mwenda Jean-Bosco. Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika na mashine zake za kurekodi, alimrekodi Jadotville, ambayo leo ni Likasi, mwaka 1952, na sahani zake zikatolewa na Gallo hapahapa Johannesburg. Bosco alipiga gitaa kwa vidole viwili tu, gumba na shahada, na ukisikiliza utaapa kuna watu wawili. Tracey baadaye alianzisha maktaba yake ya muziki wa Afrika huko Roodepoort, mwendo wa gari kutoka kwetu. Sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Makhanda. Kiswahili cha kwetu kilifika kwenye jiji hili ndani ya sahani, miaka arobaini kabla ya wazazi wangu kufika na masanduku.

Kwenye nyimbo nyingi za Katanga za wakati ule kuna mtu anayegonga chupa ya soda. Ting, ting, ting, nyuma ya gitaa. Kwenye hedifoni za simu chupa inasikika kama mchanga. Kwenye hizi tatu, chupa ilikuwa chupa. Kwenye IE 600 ilikuwa na kioo ndani yake. Nilifurahi kama mtoto.

Nikamvalisha Papa. Akafumba macho. Akaanza kutikisa kichwa taratibu, akatabasamu.

"Eh mama, gitaa iko muzuri." Huwa ananiita mama, kama wababa wengi wa kwetu wanavyoita mabinti zao.

"Na chupa je, Papa?"

"Chupa gani?"

"Chupa ile anagonga."

Akasikiliza tena. "Hakuna chupa mu hii wimbo."

Nikabadilisha jozi. Nikarudisha wimbo mwanzo. Nikapandisha sauti, na mimi mwenyewe nimesimama pembeni nikiisikia chupa ikivuja nje ya hedifoni. "Mama, minakuambia. Hakuna." Mdogo wangu akachukua upande mmoja, akaweka sikioni, akanitazama bila kusema kitu. Mama akaacha mwiko ndani ya sufuria. Akachukua kijiko, akagonga glasi iliyokuwa mezani. Papa hakugeuka.

Papa alifanya kazi zaidi ya miaka ishirini kwenye karakana ya kunyoosha bodi za magari. Nyundo juu ya bati, mashine ya kusaga chuma, kutwa. Hakuna aliyewahi kumpa kitu cha kuziba masikio, na siku zile hakuuliza, maana aliyekuwa na kazi haulizi. Kelele ya namna hiyo kwa kawaida huanza kula sikio karibu na kilohetsi 4, kwenye sauti nyembamba, kabla haijashuka chini. Gitaa linabaki. Sauti ya mtu inabaki. Chupa inaondoka kwanza.

Saba, shaba

Nilimpeleka kwa mtaalamu wa usikivu. Ilichukua wiki tatu kumshawishi. Kilichomkubalisha mwishowe si mimi, ni mama, aliyemwambia kwamba hataki tena kusikilizishwa televisheni pamoja na majirani.

Kipimo cha kwanza kilikuwa rahisi: unasikia mlio, unabonyeza. Kwenye karatasi mstari wake ulienda sawa, halafu ukadondoka kama mtu aliyekanyaga hewa kwenye ngazi. Kipimo cha pili ni cha maneno: unaambiwa neno, unalirudia. Hapo pakawa na shida. Maneno yao yalikuwa ya Kiingereza, na Papa alipokosea haikujulikana kama ni sikio au ni Kiingereza. Orodha ya Kiswahili hawakuwa nayo. Yule dada mtaalamu, mtu mpole sana, akaniuliza kama naweza kuandika maneno ishirini na kuyasoma nikiwa nimefunika mdomo kwa karatasi. Siyo kipimo rasmi, akasema, lakini kitanisaidia kuelewa.

Nikakaa na kalamu. Ninyi mnaosoma haya, mtoto wa pili kama mimi, mnajua hofu ile ya kuombwa Kiswahili ghafla mbele ya mtu mwenye koti jeupe. Nikaandika jozi zinazofanana: saba, shaba. Sindano, shindano. Suka, shuka. Fua, sua, hilo la pili nilidhani ni neno. Nikasoma.

"Saba."

"Shaba," akasema Papa.

"Shindano."

"Sindano."

"Shaba."

"Shaba." Hiyo aliipata. Mtu wa Katanga, shaba haimpiti. Mkoa mzima uliitwa hivyo wakati wa Mobutu.

"Sua."

"Hiyo si neno," akasema. "Andika vizuri." Yule dada alicheka, nami nikacheka, na Papa akakaa na uso wa mwalimu aliyechoka na darasa.

Tulipomaliza, mtaalamu alitueleza kitu ninachotaka mkibebe. Irabu, yaani a, e, i, o, u, zina nguvu na ziko chini kwenye masafa. Konsonanti kama s, sh na f ni nyembamba na ziko juu. Kiswahili kimejaa irabu, karibu kila neno linamalizikia nazo. Kwa hiyo mtu kama Papa anasikia umbo la sentensi, muziki wake wote, na anajaza konsonanti kwa kukisia. Kwa mtu anayemjua vizuri na anayesema kwa namna aliyoizoea, anakisia vizuri sana. Kwa mtu anayesema kwa lafudhi nyingine, anapotea.

Dada yangu mdogo alikuwa kwenye simu akisikiliza maelezo hayo kutoka Cape Town. Akanyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Kwa hiyo siyo mimi?"

Niwaeleze. Dada huyu ana karibu miaka mitatu hajaongea Kiswahili na Papa. Kila akisema kitu, Papa alikuwa anajibu, "Unasema nini?" Mara moja, mara mbili, mara tatu. Akaamua matamshi yake ni mabovu, kwamba Kiswahili chake cha Cape Town kinamkera mzee. Akahamia Kiingereza, tena kwa meseji za kuandika tu. Papa naye akaamua kwamba binti yake mdogo hataki tena lugha ya nyumbani, akakaa na uchungu wake kimya. Miaka mitatu. Na katikati yao hakukuwa na kitu zaidi ya masafa yaliyopotea juu ya kilohetsi 3.

Basi nilinunua nini?

Nilirudisha jozi tatu za rafiki yangu, figo zote mbili zikiwa mahali pake. Nikanunua Etymotic ER4SR. Ilipotoka mwaka 2016 ilikuwa dola 349, nusu ya bei ambayo IE 600 ilianza nayo. Nilizipenda IE 600 zaidi kwa besi, nikiri bila aibu. Kwa rumba ya Franco na besi ya gitaa la OK Jazz, IE 600 zinakupeleka Kinshasa. ER4SR ni kavu, haina mapambo, inakupa wimbo ulivyo. Lakini inaziba kelele kuliko zote, haidai pleya ya kifalme, haina ule mvumo wa shhh na pleya yangu, na kwa rekodi za 1952 za mkondo mmoja, hakuna besi ya kufukuzia. Hedifoni ya bei mara mbili ingenionyesha tu vizuri zaidi mikwaruzo ya sahani.

Zilizobaki ziliingia kwenye mchango wa shimesikio. Mimi, wadogo zangu wawili, tonton mmoja wa Regents Park, na mama ambaye alitoa bahasha ambayo hakuna aliyejua ipo. Ni vifaa viwili, nyuma ya sikio. Ndani mna spika ndogo, na yule dada mtaalamu aliponionyesha mchoro wake niliitambua mara moja. Ni nduguye yule aliyeko ndani ya ER4 zangu.

Sitawadanganya kwamba sasa kila kitu kiko sawa. Shimesikio si miwani. Kilichokufa sikioni hakifufuki, kifaa kinapandisha tu kile kilichobaki, na ubongo unatakiwa ujifunze upya. Wiki ya kwanza Papa alilalamika kwamba karatasi zina kelele. Alishtuka kusikia friji. Kanisani anavizima wakati wa kwaya. Saba na shaba bado zinamchanganya akichoka. Lakini dada anapiga simu kila Jumatano, anaongea pole pole, kwa Kiswahili, na Papa akikosa neno anasema, "Rudia, mama, hiyo s imenipita." Amejua kuitaja. Hiyo peke yake imebadilisha nyumba.

Kwa anayetaka kununua, huu ndio ushauri wangu wote. Jua ohm za pleya yako kabla ya kutoa hela, na zizidishe mara nane. Tumia siku nzima kwenye vijipira kabla ya kulaumu spika. Jaribu kwa nyimbo unazozijua tangu utotoni, siyo kwa zile wanazokuwekea dukani, ingawa "Stimela" ukiwekewa ikubali, ni ya mtaani kwetu. Ukisafiri kwa taksi, kuziba kelele ni muhimu kuliko idadi ya spika. Na usiende kujaribu peke yako. Mchukue mzee wako, mwekee wimbo wake, kisha muulize anasikia nini. Muulize kwa majina: gitaa, sauti ya pili, chupa.

Wiki ijayo kwenye kipindi tutakuwa na orodha ya maneno ya s na sh, na tunaomba mtutumie ya kwenu kwa sauti, kwa lafudhi yoyote mliyo nayo. Yule dada mtaalamu ameomba orodha ndefu zaidi, kwa sababu Papa si Mswahili pekee anayekuja kwake. Tafadhali hakikisheni ni maneno kweli. Papa atayakagua.